Nani Ampe Mtoto Figo?



Mwezi wa Desemba mwaka 1952, katika mji wa Paris, kijana seremala wa miaka 16, jina lake Marius Renard, alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, na kwa kishindo cha anguko lile figo yake ya kulia ikapasuka, damu ikawa haizuiliki, hata wapasuaji wasione hila nyingine ya kumwokoa ila kuitoa. Nao walipokwisha kuitoa ndipo ilipowadhihirikia kwamba kijana yule alikuwa amezaliwa na figo moja tu, na moja yenyewe ndiyo hiyo waliyoitoa. Zama zile mashine za kusafisha damu zilikuwa adimu mno duniani, na mtu asiye na figo alikuwa na siku za kuhesabika. Mama yake, Gilberte, akawasihi matabibu wa hospitali ya Necker wachukue figo yake moja wampe mwanawe, na baada ya mashauri Daktari Jean Hamburger na wenzake wakaridhia, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Usiku wa kuamkia Krismasi mpasuaji Louis Michon na wasaidizi wake wakaitoa figo ya mama, ikatiwa katika mwili wa mwana, nayo ikaanza kazi, mkojo ukatoka, na Wafaransa wakawa wakifuatia habari zake magazetini kwa matumaini makubwa. Kwa muda wa majuma matatu mambo yalikwenda vyema. Kisha figo ikasimama, kwa sababu mwili wa kijana ulikuwa umeitambua kuwa ni ya kigeni ukaipiga vita, na haukupita muda mrefu Marius akafariki dunia.

Nimeitanguliza habari hii kwa kuwa suali lililomkabili Hamburger usiku ule lingali linawakabili matabibu hadi leo, ijapokuwa tiba yenyewe imeendelea kwa kadiri ambayo mama yule asingeweza kuiwaza: katika wote wampendao mtoto, nani hasa afaaye kumpa figo, na akishapewa, figo hiyo itamfikisha wapi katika umri wake? Nami naona ya kuwa aghalabu tunaliuliza suali hili nusu. Tunauliza nani awezaye kutoa leo, tukasahau kuuliza nani atatoa mara ya pili, ilhali mtoto, kinyume na mzee wa miaka 60, karibu kwa yakini ataishi muda mrefu kuliko figo ya kwanza atakayopewa.

Lakini kwanza turudi kidogo katika historia. Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Daktari Joseph Murray alimtia Richard Herrick figo ya nduguye Ronald, na safari hii haikukataliwa, kwa kuwa ndugu hao walikuwa pacha wa yai moja, na mwili wa mmoja haukuweza kuibagua nyama ya mwingine. Matabibu walikuwa wamekwisha kulihakikisha hilo kwa kubandika kipande cha ngozi ya mmoja juu ya mwili wa mwenziwe, wakaona kimeshika. Richard akaishi miaka minane mingine, akamwoa muuguzi aliyemhudumia pale hospitalini, akapata watoto, na alipofariki mwaka 1963 haikuwa kwa kukataliwa kwa figo, bali maradhi yale yale ya mwanzo yalikuwa yameifuata figo mpya na kuiharibu. Ronald, aliyebaki na moja, aliishi mpaka mwaka 2010. Murray alipewa nishani ya Nobel mwaka 1990, na kwa haki.

Siri ya kutofautiana kwa mwana wa Paris na pacha wa Boston ilianza kufunuka mwaka 1958, pale Jean Dausset, naye Mfaransa, alipogundua ya kwanza katika alama zilizo juu ya chembe za mwili, ambazo wataalamu sasa huziita kwa herufi tatu, HLA, na ambazo kwazo mwili humjua aliye wake na asiye wake. Kila mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama; kwa hiyo mzazi, awe baba awe mama, hulingana na mwanawe kwa nusu, hapungui hapo wala, ila kwa nadra, hazidi. Ama ndugu wa tumbo moja na baba mmoja, mambo yao ni ya kura: katika kila wanne, kwa wastani, mmoja atalingana na mgonjwa sawasawa, wawili kwa nusu, na mmoja asilingane naye hata kidogo, japokuwa wamelala kitanda kimoja na nyuso zao zafanana. Kundi la damu ni sharti jingine. Mwenye kundi O aweza kumpa yeyote, na mwenye AB aweza kupokea kwa yeyote, na ile chanya au hasi inayoandikwa mbele ya kundi haina maana katika jambo hili la figo. Kisha, tangu Patel na Terasaki walipochapisha uchunguzi wao mwaka 1969, hapana tabibu mwenye dhamiri atakayempeleka mtoto chumba cha upasuaji kabla ya kuchanganya damu yake na chembe za mtoaji katika maabara, kuangalia iwapo tayari ana kingamwili za kuishambulia figo ile. Maana zikiwapo, yaweza kugeuka nyeusi mbele ya macho ya mpasuaji kabla hajafunga kidonda.

Dawa nazo zikaja, moja baada ya nyingine: azathioprini na prednisoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, siklosporini iliyotolewa katika kuvu wa udongo wa Norway na kuenea duniani katika miaka ya 1980, kisha takrolimusi iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Tsukuba huko Japani. Kwa dawa hizi, kile kilichomshinda Hamburger kimekuwa jambo la kawaida, na mama anayelingana na mwanawe kwa nusu sasa huhesabiwa miongoni mwa watoaji bora. Katika nchi zenye uwezo, watoto zaidi ya 90 katika kila 100 waliopewa figo ya mtu aliye hai huwa wangali wakiitumia baada ya kutimia mwaka, na figo iliyotolewa kwa mtu aliye hai, kwa wastani, hudumu kuliko iliyotolewa kwa maiti, kwa kuwa mtoaji amechunguzwa kwa utulivu, siku imechaguliwa, na figo haikai barafuni saa nyingi ikingoja mwenyewe.

Liko jambo moja ambalo wazazi wengi hulistaajabia wakiambiwa, nalo ni juu ya ukubwa. Akili ya kawaida yasema kwamba mtoto mdogo apewe figo ndogo, ya mtoto mwenziwe aliyefariki, ili ienee katika mwili wake. Nao wapasuaji wa zamani walidhani hivyo hivyo, mpaka daftari kubwa la watoto wa Marekani ya Kaskazini, lililoanza kuandikwa mwaka 1987, lilipoonyesha kuwa figo za watoaji wa chini ya miaka mitano au sita ndizo zilizokuwa zikiganda damu na kufa mapema, hasa zikitiwa katika miili ya watoto wachanga. Figo ya mtu mzima, ijapokuwa inajaza nusu ya tumbo la mtoto wa kilo kumi, na ijapokuwa mishipa yake haina budi kuunganishwa na mshipa mkuu wenyewe wa damu itokayo moyoni na ule mkuu urudishao, kwa kuwa mishipa ya nyongani ni myembamba mno, ndiyo imfaayo zaidi. Kazi ngumu ni kuishibisha. Figo ile imezoea kupokea damu ya moyo wa mtu mzima, na sasa moyo ulio kama ngumi ya mtoto ndio unaotakiwa kuipa haki yake. Basi waganga wa usingizi humjaza mtoto maji na damu kabla ya kufungua vibano, na kwa siku nyingi baadaye humpa vinywaji kwa kipimo ambacho mama akikiona hudhani wamekosea hesabu. Lakini mtoto huyo akiuvuka mwaka wa kwanza kwa salama, figo yake huwa miongoni mwa zinazodumu zaidi kuliko za wapewaji wa umri wowote mwingine. Naye hurefuka, hujaa mwili, huanza kula kwa hamu baada ya miaka ya kulazimishwa kwa mrija, na akili yake huchangamka darasani. Haya, kwangu mimi, ni matokeo yenye uzito sawa na tarakimu za maabara.

Sasa nalirejea lile suali la pili, lisiloulizwa. Tuchukue mtoto wa miaka sita. Figo ya baba yake, ikitunzwa vyema, huenda ikadumu miaka 15, huenda 20, na zipo zilizopita hapo sana. Na tuseme imefika 20, kijana atakuwa na miaka 26 tu siku atakapohitaji ya pili, na yamkini ya tatu atakapofika makamo. Na kila figo isiyolingana naye humfundisha mwili wake kuchukia alama fulani, akabaki na kingamwili zinazomfungia milango ya watoaji wengine, hata wapo watu ambao, wakipimwa mbele ya watoaji mia, damu yao hugombana na karibu wote. Kwa hiyo, ijapokuwa dawa za leo zaweza kuilinda figo isiyolingana, ulinganifu kwa mtoto haujapoteza thamani yake, kwa sababu hatuilindi figo hii peke yake, twailinda na nafasi ya kupata ijayo. Wako wasemao: basi mzazi asubiri, mtoto apewe kwanza ya maiti, na ya mzazi iwe akiba. Mimi sikubaliani nao, na hasa kwa watu wa pwani yetu na bara yetu ambao hawana orodha ya maiti ya kusubiria. Maana akiba hiyo inazeeka. Baba mwenye afya katika miaka 35 aweza akawa na shinikizo la damu au kisukari katika miaka 55, na hapo hatafaa kutoa. Utaratibu ulio na busara, kwa familia nyingi, ni mzazi kwanza maadamu yu mzima, na ndugu, waliokuwa watoto siku ile, wakiisha kupevuka na kuamua wenyewe, wawe tumaini la mara ya pili.

Na hapa niseme neno moja kwa waganga wa hospitali za wilaya, ambao ndio wanaowaona watoto hawa kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto ambaye figo zake zimedhoofika hupungukiwa na damu, na njia nyepesi ni kumwongezea, tena kwa damu ya baba au mama aliyesimama pale mlangoni na yu tayari. Kumbe huko ndiko kumfundisha mtoto, mapema, kuzikataa alama za yule yule ambaye kesho angempa figo. Pale ambapo uhai uko hatarini, damu na itiwe, hapana mjadala. Lakini pale ambapo dawa ya kuamsha damu na madini ya chuma vyaweza kumtosheleza, na bei yake imepatikana, kumwongezea damu ovyo ni kumharibia mlango wake wa kesho. Kadhalika chanjo zenye vijidudu hai, mathalani ya surua na ya tetekuwanga, zitangulie, kwa kuwa baada ya upandikizaji, kinga ikiisha kushushwa, kwa kawaida haziruhusiwi tena.

Ni nani basi katika nyumba? Takriban ulimwenguni kote akina mama hutoa figo kuwapa watoto wao zaidi kuliko akina baba, na husemwa kuwa ni mapenzi. Mapenzi yapo, sina shaka. Lakini pia yapo mengine, kwamba baba ndiye mtafutaji na familia yaogopa asije akakaa bila kazi, na kwamba mama akisema hapana, majirani watamhukumu kwa namna ambayo baba hatahukumiwa. Ni haki mama ajue anachokifanya. Hatari ya kufa kwa upasuaji wenyewe ni ndogo, kiasi cha watu watatu katika kila 10,000, na figo inayobaki hukua na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Lakini mwanamke aliyetoa figo, akishika mimba baadaye, huwa na hatari iliyoongezeka maradufu ya kupatwa na presha ya mimba au kifafa chake, wachunguzi wa Canada walikuta wanawake 11 katika mia ukilinganisha na 5 katika mia wasiotoa. Wengi huzaa salama. Ila katika nchi zetu, ambako mama wa mtoto wa miaka sita aghalabu angali akizaa, na kliniki iko mbali, hesabu hiyo yafaa kuwekwa mezani wazi, na baba aulizwe kwanza, tena kwa sauti ile ile.

Kabla ya hapo kuna uchunguzi wa mtoaji mwenyewe, nao hauwezi kupunguzwa kwa huruma. Shinikizo la damu, sukari, protini katika mkojo, nguvu ya kila figo, picha za mishipa yake, moyo, mapafu, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Na wapasuaji wengi hupenda ya kushoto kwa kuwa mshipa wake wa kurudisha damu ni mrefu. Ikiwa maradhi ya mtoto ni ya kurithi, lazima mzazi apimwe kama naye hakuyabeba kwa siri. Mama wa mtoto mwenye ugonjwa wa Alport, kwa mfano, aweza kuwa na chembe chembe za ugonjwa ule ule bila kujua. Tena mwaka 2010 wataalamu walitambua mabadiliko mawili katika jeni iitwayo APOL1, yanayopatikana kwa watu wa asili ya Kiafrika, hususani wa magharibi ya bara, ambayo huwakinga na vijidudu vya malale, lakini aliyerithi pande zote mbili huwa na hatari kubwa zaidi ya figo zake kuharibika. Na figo ya mtoaji wa namna hiyo, ikitiwa kwa mwingine, mara nyingi hufa mapema. Katika Afrika ya Mashariki mabadiliko hayo ni haba kuliko huko magharibi, hata hivyo naona ni wajibu wa wanaopima watoaji wetu kuyajua. Na liko la mwisho, zito kuliko yote: kuna ugonjwa wa makovu ya vichujio vya figo ambao, katika theluthi moja hivi ya watoto walio nao, huifuata figo mpya, pengine katika siku chache tu baada ya upasuaji, kama Richard Herrick alivyofuatwa na maradhi yake. Mzazi aambiwe hivyo kabla hajalala juu ya meza. Anayetoa akijua, na figo ikaenda, huzuni yake yaweza kubebwa. Anayetoa bila kuambiwa amedhulumiwa.

Ama hiari, hiyo ndiyo nguzo. Aila ya Kiafrika ina uzuri wa kukusanyika penye shida, na uzuri huo huo waweza kumbana mtu: kikao kinakaa, wazee wanaongea, na mjomba fulani, ambaye kundi la damu yake limelingana, anatazamwa na macho ya watu wote. Hospitali zenye maadili humwita kila mtoaji peke yake, kando ya jamaa, mbele ya mtu asiyemtibu mtoto na asiye na faida katika upasuaji, akamwuliza kama ataka kweli. Na akisema hataki, familia huambiwa tu kwamba hakufaa kutoa, basi, pasipo kuelezwa sababu. Wako wanaoliona hilo kuwa ni uongo. Mimi nauona ni sitara, na nadhani dini zetu zote zatufundisha thamani ya sitara. Ama mtoto asitoe kabisa. Mwaka 1957 mahakama kuu ya Massachusetts iliwaruhusu matabibu kuchukua figo ya kijana pacha ambaye hajatimiza miaka 21, kwa hoja kwamba kufiwa na nduguye kungemdhuru nafsi kuliko kupoteza figo. Hoja ile ilikuwa na huruma ndani yake, na palikuwa hapana dawa za kufanya lolote jingine. Leo dawa zipo, na dada wa miaka 12 hana haja ya kuulizwa swali ambalo hawezi kulikataa.

Na kununua? Hapa mikono yetu ya pwani si safi. Katika miaka ya 1980 watu kutoka Ghuba, na wengine wao ni jamaa zetu wa Oman wanaosema Kiswahili hiki hiki, walikwenda Bombay kununua figo za maskini. Na mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa 130 hivi wa Oman na Falme za Kiarabu waliorudi na figo za kununuliwa, baadhi yao wamefariki katika mwaka wa kwanza, na wengine wamerudi na maambukizi ya homa ya ini au ya Ukimwi. India ikapiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 1994, na mwaka 2008 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Istanbul wakailaani. Lakini madhali wako wenye fedha na wako wenye njaa, madalali hawatakosa. Mtoto aliyenunuliwa figo huipata kwa mtu ambaye hakuna aliyemchunguza kwa uaminifu, kwa kuwa muuzaji ana sababu zote za kuficha maradhi yake. Ukiacha dhulma kwa aliyeuza, ambayo peke yake yatosha kuiharamisha, hata kwa mtoto ni tiba mbovu.

Dawa ya biashara hiyo ni wafu. Huko Jeddah, Februari 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilitoa uamuzi kwamba yajuzu kuchukua kiungo cha maiti kumpa aliye hai ambaye uhai wake wakitegemea, kwa sharti la idhini ya marehemu kabla ya kufa au ya warithi wake. Kwa hiyo asije mtu akasema dini imekataza. Marekani, kuanzia mwaka 2005 hadi 2014, watoto walitangulizwa kupata figo za maiti waliokuwa chini ya miaka 35, na muda wao wa kungoja ukapungua sana, ingawa pia wazazi waliotoa figo wakapungua, kwa kuona foleni imekuwa fupi. Jambo ambalo lingewafaa wanasheria wetu kulitafakari kabla ya kuiga. Sisi tungali mwanzoni. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017 pamoja na matabibu kutoka Delhi, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikafuata Machi 2018 kwa msaada wa Wajapani, na kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakisafirishwa kwenda India na mtoaji wao ubavuni. Kenya iliweka vifungu juu ya viungo katika sheria yake ya afya ya mwaka 2017, na Uganda ikapata sheria kamili mwaka 2023. Kote huko anayetoa, mpaka sasa, aghalabu ni jamaa aliye hai. Na mtoto ambaye jamaa zake wote wana kisukari hana pa kwenda.

Nimebakiwa na habari za baada. Figo ya mtu mzima huja na wageni wake. Kirusi cha Epstein na Barr, ambacho kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa taya za watoto wa Uganda ulioelezwa na Daktari Denis Burkitt wa Mulago, karibu kila mtu mzima anacho na hakimdhuru. Bali mtoto ambaye hajawahi kukutana nacho, akikipokea ndani ya figo ya baba huku kinga yake imeshushwa, aweza kupatwa na saratani ya tezi za limfu. Watoto wetu wengi hukutana nacho wakiwa wadogo, na huenda hiyo ikawa kinga kwao ambayo watoto wa Ulaya hawana. Hata hivyo damu ya mtoto na ya mtoaji zipimwe, ili mganga ajue ni nani wa kumwangalia kwa jicho kali.

Lakini adui mkubwa wa figo ya mtoto haji siku hizo za mwanzo. Huja katika umri wa miaka 17 hadi 24, wakati wapewaji wa zamani, waliotunzwa vyema na mama aliyeshika saa ya dawa mkononi kwa miaka 10, wanapoanza kujitawala. Na katika nchi zote zilizopima jambo hili umri huo ndio wenye kupoteza figo nyingi kuliko wowote mwingine. Msichana aona uso wake umevimba kwa steroidi akaacha kumeza; mvulana aliyeingia bweni la sekondari aona haya kunywa vidonge mbele ya wenzake; mwingine ametolewa kliniki ya watoto siku ya kutimiza miaka 18 akapelekwa kwa daktari asiyemjua jina. Huku kwetu ongeza na haya, kwamba bima ya mzazi yaweza kukoma kumgusa akifika umri fulani, na takrolimusi ya mwezi mmoja yaweza kuzidi mshahara wa kijana anayeanza kazi. Kukosa dozi za siku chache kwatosha kuamsha vita ile ile iliyomuua Marius. Kwa hiyo, hospitali inayopandikiza figo za watoto na iandae kliniki moja ambamo tabibu wa watoto na wa wakubwa huketi pamoja kwa mwaka mzima au miwili na kijana yule yule, wamzoeze kusema mwenyewe na kushika dawa zake mwenyewe, na serikali ihakikishe kwamba vidonge havikatiki kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa.

Na siku mtoto anapofunguliwa faili, mtoaji wake naye afunguliwe lake. Baba au mama aliyetoa figo, ambaye jamaa na majirani watamsifu kwa mwezi mmoja kisha watamsahau, apimwe shinikizo la damu, mkojo na sukari kila mwaka bila malipo, katika hospitali ile ile iliyoichukua figo yake, maadamu yu hai. Kwa kuwa ndiye mlezi wa mtoto yule, na maradhi yake yakitambuliwa mapema hutibika.